Shahidi Aliyefungiwa Kabatini: Bakteria wa Kinyesi na Siasa ya Maji

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa natafuta nyaraka kwa ajili ya mhadhara wa historia ya afya ya jamii, niliingia katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, nikaomba kuona matokeo ya vipimo vya maji ya visima vya mtaa mmoja. Mtumishi aliyenipokea alikuwa mtu muungwana. Alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kabatini na kurudi na jalada lililofungwa kwa kamba. Akalifungua, akalitazama kwa muda, akalifunga tena. "Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini, "vipimo vipo, lakini hivi si vya kutoa. Watu wataingiwa na hofu." Nikamwuliza kama wakazi wa mtaa ule walikuwa bado wanakunywa maji ya visima vile. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Sasa wangekunywa yapi?"

Sikumlaumu wakati ule, wala leo simlaumu. Hakuwa na maji mengine ya kuwapa wale watu, na aliyemkabidhi jalada hakumkabidhi fungu la fedha. Hata hivyo majibu yake mawili yamekaa nami. La kwanza linasema ukweli upo lakini haufai kusikika. La pili linasema hata ukisikika hautabadili kitu. Makala haya ni jaribio la kuyajibu yote mawili kwa njia ninayoijua, yaani historia. Nitasimulia habari za bakteria mmoja anayekaa tumboni mwa kila msomaji wa ukurasa huu, jinsi alivyofanywa shahidi katika kesi ya maji na majitaka, na jinsi watawala wa nyakati mbalimbali walivyomsikiliza, walivyompuuza au walivyomtumia kwa kazi isiyo yake.

Unguja kabla ya shahidi

Kipindupindu kilifika pwani ya Afrika Mashariki mara kadhaa katika karne ya 19. Mlipuko ulioandikwa kwa kina zaidi ni ule ulioikumba Unguja kuanzia mwishoni mwa 1869 hadi 1870, kwa kuwa mjini aliishi daktari aliyekuwa na subira ya kuhoji watu na kuandika. Huyo ni James Christie, ambaye kitabu chake juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki kilitolewa mwaka 1876. Christie hakuwa na darubini ya kumwonyesha kijidudu. Alichokuwa nacho ni masimulizi ya wafanyabiashara, wapagazi na mabaharia. Kwa masimulizi hayo aliifuata njia ya ugonjwa kutoka nchi za Bahari ya Shamu, kupitia Uhabeshi na nchi ya Wamasai, hadi Pangani, na kutoka Pangani kuvuka bahari hadi Unguja. Ugonjwa ulisafiri kwa njia zilezile za pembe za ndovu na za biashara ya watu.

Mji ulioupokea ulikuwa tajiri na mchafu kwa pamoja. David Livingstone, aliyepita hapo mwaka 1866, aliufanyia mzaha jina lake katika shajara kwa sababu ya uvundo wa ufukweni, ambako taka za mji mzima zilitupwa. Visima na mashimo ya vyoo viligawana ardhi ileile finyu ya rasi. Fedha za karafuu zilikuwapo. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuzielekeza kwenye maji.

Uamuzi huo ulikuja na Sayyid Barghash bin Said, aliyekalia kiti cha enzi mwaka 1870 wakati maiti za kipindupindu zilikuwa bado hazijasahauliwa. Barghash aliwahi kuishi uhamishoni Bombay na kuona namna mji mkubwa unavyoendeshwa. Katika utawala wake, uliokoma mwaka 1888, maji ya chemchemi za kaskazini mwa mji, upande wa Bububu, yaliletwa mjini kwa mfereji na mabomba. Hatupaswi kumpamba kupita kiasi, kwani hazina iliyolipia mabomba ilijazwa kwa jasho la watumwa wa mashamba ya karafuu. Lakini jambo moja lazima tulikiri: maji safi yaliletwa Unguja kabla ya kuwapo kipimo cha bakteria wa kinyesi cha kuthibitisha kwamba yale ya visimani ni machafu. Uthibitisho unasaidia sana, ila kukosekana kwake hakujawahi kuwa kizuizi kwa mtawala mwenye nia.

Shahidi anapatikana

Shahidi mwenyewe alipatikana Ujerumani. Mwaka 1885 daktari wa watoto Theodor Escherich, akifanya kazi München, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa kinyesi cha watoto wachanga. Miongoni mwa vijidudu alivyoviona alikuwamo mmoja mwenye umbo la kijiti ambaye hakukosekana. Akampa jina lenye maana ya bakteria wa kawaida wa utumbo mpana. Jina tunalolitumia leo, Escherichia coli, lilitolewa mwaka 1919 katika kitabu cha Aldo Castellani na Albert Chalmers cha tiba ya nchi za joto. Castellani huyo ndiye ambaye mwaka 1902 na 1903 alikuwa Entebbe, Uganda, akichunguza ugonjwa wa malale. Historia ya bakteria huyu, kama ya vitu vingi vya sayansi, inapita uani kwetu hata pale vitabu vinapoiandika kama habari ya Ulaya.

Kosa ninalolisikia mara nyingi, hata kwa wasomi, ni kudhani kwamba bakteria huyu ndiye adui. Wapo ndugu zake wachache wenye sumu, lakini wengi wao hawamdhuru mtu. Tunaishi nao tangu siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Umuhimu wake uko kwingine. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo huingia majini kwa vipindi, mara nyingi vikiwa vichache, na kuvikamata ni kazi ngumu. Bakteria wa utumbo hutoka kila siku, kwa kila mtu, kwa mamilioni katika kila gramu ya kinyesi. Ukimkuta kisimani umejua jambo moja: kinyesi kimepata njia ya kufika pale. Na njia inayopitisha kinyesi cha mtu mzima wa afya leo itapitisha cha mgonjwa kesho. Mnamo 1892 Franz Schardinger, huko Vienna, alipendekeza atumike kama ishara ya uchafuzi wa maji, na katika miaka hiyohiyo Theobald Smith alikuwa akifanya kazi ya namna hiyo Marekani. Ndivyo kiumbe asiye na hatia alivyogeuzwa kuwa shahidi.

Shahidi huyu alikuwa na kasoro moja. Ana jamaa wengi wanaofanana naye, kundi liitwalo kolifomu, na baadhi yao huishi kwenye udongo na majani bila kupita tumboni mwa yeyote. Namna ya kuwatenganisha ilipendekezwa mwaka 1904 na Christiaan Eijkman, Mholanzi ambaye baadaye, mwaka 1929, alipewa Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa beriberi aliouanzia katika koloni la Java. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Bakteria wa tumboni wamezoea joto la mwili, kwa hiyo ukiotesha sampuli katika nyuzi joto 46 watastahimili na kutoa gesi, ilhali wale wa udongo wenye baridi watashindwa. Maabara za baadaye zilishusha joto hadi nyuzi 44 au 44.5, na kundi linalostahimili likaitwa kolifomu za kinyesi. Naomba msomaji aikumbuke hoja ya udongo wenye baridi, maana tutairudia.

Hamburg, 1892

Mwaka uleule ambao Schardinger alitoa pendekezo lake, mji wa bandari wa Hamburg ulionyesha gharama ya kupuuza maji. Hamburg ilijitawala chini ya matajiri wa biashara. Ilivuta maji ya mto Elbe na kuyagawa bila kuyachuja, huku mpango wa kujenga machujio ya mchanga ukijadiliwa miaka nenda miaka rudi kwa sababu ya gharama. Jirani yake Altona, uliokuwa chini ya Prussia, ulivuta maji ya mto uleule, tena upande wa chini ambako uchafu wa Hamburg ulikwisha kuingia, lakini uliyachuja kwa mchanga. Kipindupindu kilipofika Agosti 1892, wakuu wa Hamburg walisita kukitangaza, maana tangazo lingefunga bandari. Watu wapatao 8,600 walikufa katika majuma machache. Altona iliponea kwa hasara ndogo mno. Palikuwa na mitaa ambayo mpaka wa miji hiyo miwili ulipita katikati yake, na ugonjwa ukashika nyumba za upande mmoja na kuziacha za upande wa pili.

Robert Koch, aliyetumwa na serikali ya Berlin, aliutumia mfano huo kuhitimisha ubishi, na kipimo kilichoshikamana na jina lake tangu hapo ni kwamba maji yaliyochujwa yasizidi bakteria 100 kwa kila mililita. Hesabu ya bakteria ikaanza kuwa sheria. Machujio ya Hamburg yalikamilika mwaka 1893, yakiwa yamechelewa kwa mwaka mmoja tu, na mwaka huo mmoja ndio uliobeba maiti zote zile.

Kuna funzo jingine kutoka Marekani ambalo huwapa wanafunzi wangu kama fumbo. Kiwango cha kwanza cha kitaifa cha kolifomu katika maji ya kunywa kilitolewa huko mwaka 1914. Kilimlinda nani? Kilihusu maji yanayotolewa kwa abiria wa treni na meli zinazovuka mipaka ya majimbo, kwa kuwa hapo ndipo mamlaka ya serikali kuu yalipofika. Msafiri alikuwa na kiwango cha kumlinda. Mkazi wa mji wenye maji machafu aliachiwa mji wake. Kila kiwango kina mtu aliyekusudiwa, na kabla ya kukisifu ni vizuri kumtafuta mtu huyo.

Kipimo kinageuka mpaka

Koch huyohuyo alifika Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890. Elimu ya vijidudu iliingia Afrika Mashariki ikiwa imepanda merikebu moja na utawala wa kikoloni, na hapa ndipo shahidi wetu alipoanza kutumiwa vibaya.

Huko Ulaya, hoja kwamba kinyesi cha maskini kitamfikia tajiri kupitia mto mmoja ilisaidia kujenga mabomba na machujio kwa wote. Kwenye makoloni hoja hiyohiyo ilizaa jibu tofauti: mtenge maskini. Mwanahistoria Maynard Swanson, katika makala yake maarufu ya mwaka 1977, alionyesha jinsi hofu ya tauni huko Rasi mwanzoni mwa karne ya 20 ilivyotumiwa kuwahamisha Waafrika kwa nguvu. Kwetu, Profesa W. J. Simpson alitumwa na serikali ya Uingereza mwaka 1913 kukagua usafi wa Kenya, Uganda na Zanzibar, na ripoti yake ikashauri miji igawanywe kwa rangi kwa sababu za afya. Dar es Salaam ilikwisha kuanza njia hiyo chini ya Wajerumani na ikaendelea nayo chini ya Waingereza: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ambako leo tunafanyia mikutano na maadhimisho, uliachwa wazi kuwa ukanda wa kutenganisha Waafrika wa Kariakoo na wakazi wa katikati ya mji.

Tutazame kwa makini kilichofanyika. Kipimo cha maji kinauliza swali juu ya miundombinu: kinyesi kimepitia wapi hadi kufika hapa? Utawala wa kikoloni ulilibadili swali hilo likawa juu ya watu: nani mchafu? Swali la kwanza linadai mabomba, karo na machujio, vitu vinavyogharimu fedha. La pili linadai uwanja mtupu na askari wa kuulinda. Nasisitiza hili kwa sababu badiliko hilo la swali halikuondoka na bendera ya Mwingereza. Kila masika, mvua kubwa inapojaza mabonde ya miji yetu na watu wa mabondeni wakatapisha vyoo vyao kwenye mafuriko, husikia viongozi wakizungumzia tabia za wananchi. Mara chache sana nasikia wakizungumzia mtu ambaye hana gari la kunyonya choo linaloweza kupita kwenye kichochoro chake, wala fedha ya kulilipa likifika.

Mtu ni Afya

Miaka ya mwanzo ya uhuru ilikuwa na majibu yake, na sipendi tabia ya siku hizi ya kuyadhihaki. Maradhi yalihesabiwa pamoja na ujinga na umaskini kuwa maadui wa taifa. Mwaka 1971 Tanzania ilijiwekea lengo la kufikisha maji safi kwa wakazi wote wa vijijini katika miaka 20. Mwaka 1973 ikaendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kujisomea, wakisikiliza redio, wakisoma vijitabu na kujadiliana, wakiongozwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Baada ya majadiliano ilikuja kazi: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kusafisha visima. Sijui kampeni nyingine nchini iliyowaamini wananchi wa kawaida kiasi hicho katika jambo la kitaalamu.

Udhaifu ulikuwapo. Choo cha shimo kinachofaa kijijini, ambako nyumba ziko mbalimbali, hubadilika tabia kinapochimbwa mjini hatua chache kutoka kisima cha jirani. Mabomba yaliyojengwa yalihitaji dizeli, vipuri na mafundi, na uchumi wa miaka ya 1980 haukuvimudu. Watafiti Gilbert White, David Bradley na Anne White walikuwa wamechunguza katika miaka ya 1960 jinsi familia za Kenya, Uganda na Tanzania zinavyochota maji, na kitabu chao cha mwaka 1972 kikawa rejea ya dunia nzima. Wenzao walirudi kwenye maeneo hayo karibu miaka 30 baadaye. Walikuta kwamba matumizi ya kila mtu katika nyumba zenye bomba yalikuwa yamepungua kwa karibu nusu. Bomba lilikuwapo, ila maji yalikuja kwa zamu. Na bomba lisilo na maji muda wote ni hatari ya pekee, maana msukumo ukikatika, maji machafu yaliyozunguka bomba hunyonywa ndani kupitia kila ufa. Mwaka 2003 uendeshaji wa maji ya Dar es Salaam ulikabidhiwa kampuni binafsi. Mwaka 2005 serikali ikauvunja mkataba. Mwaka 2015 kipindupindu kikazuka Dar es Salaam na kuenea karibu nchi nzima, na watu zaidi ya 20,000 wakaugua. Karne moja na nusu baada ya Christie, ugonjwa ulikuwa bado unaifahamu njia.

Udongo wenye joto

Sasa turudi kwa Eijkman na udongo wake wa baridi. Kipimo kilichobuniwa Uholanzi kilichukuliwa kuwa cha dunia yote. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa nchi za joto walianza kukitilia shaka. Roger Fujioka na wenzake huko Hawaii walikuta vijito visivyopokea majitaka yoyote vikiwa na idadi kubwa ya bakteria hawa, na wakaonyesha kwamba chanzo kilikuwa udongo wenyewe. Katika joto na unyevu wa kitropiki, bakteria wanaweza kudumu na hata kuongezeka ardhini bila kinyesi kipya. Aidha, wako jamaa wa kundi hili wanaostahimili nyuzi 44 bila kuwa wa tumboni. Ndiyo sababu wataalamu wengi leo huliita kundi hilo kolifomu zinazostahimili joto badala ya kolifomu za kinyesi, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani humtanguliza E. coli mwenyewe kama ishara inayoaminika zaidi, na kutaka asionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa.

Upande wa pili wa kasoro nao upo. Mwaka 1993 watu wanaokadiriwa kuwa 403,000 waliugua kuhara mjini Milwaukee, Marekani, kwa maji yaliyokuwa yametimiza viwango vya wakati huo. Kilichowaugusha kilikuwa kimelea kisichouawa na klorini ile inayomwua bakteria. Shahidi akisema ndiyo, huenda anasimulia habari za udongo. Akisema hapana, huenda hakuona.

Nimewahi kusikia hoja ya kwanza ikitumiwa kama kinga ya uzembe: "Bakteria hao ni wa udongoni tu." Huo ni ujanja. Kasoro ya shahidi inatudai tumhoji vizuri zaidi, tupime zaidi ya mara moja, tuukague mtaa kwa macho na kujua choo kiko umbali gani na kisima kina mfuniko au hakina. Haitupi ruhusa ya kumtoa mahakamani. Vilevile inatudai tuwe na maabara na watafiti wanaouliza maswali ya udongo wetu badala ya kungoja majibu ya udongo wa wengine.

Tulihesabu nini?

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, hapa ndipo penye kiini. Mwezi Machi 2012 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba lengo la milenia la maji lilikuwa limefikiwa mwaka 2010, kabla ya wakati. Palikuwa na haki ya kufurahi, kwani mabilioni ya watu walikuwa wamepata vyanzo bora. Lakini lengo lile lilihesabu aina ya chanzo: bomba, kisima kirefu, kisima kilichofunikwa. Halikuuliza kilichomo ndani ya maji. Miaka miwili baadaye kundi la watafiti lilikusanya vipimo vya nchi nyingi na kukadiria kwamba watu bilioni 1.8 walikuwa wakitumia maji yenye uchafu wa kinyesi, wengi wao wakiwa wamehesabiwa tayari kuwa wamefikiwa. Malengo yaliyofuata, ya mwaka 2015, yalibadili swali: maji yawe nyumbani, yapatikane yanapohitajika, na yasiwe na kinyesi wala kemikali hatari. Dunia haikuchafuka ghafla kati ya 2012 na 2015. Kilichotokea ni kwamba shahidi aliitwa ndani.

Ndivyo ilivyo pia kwa majitaka na kilimo. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi kolifomu za kinyesi 1,000 katika mililita 100. Mwaka 2006 likaenda mbele na kusema kwamba kinga ijengwe kwa hatua nyingi: kusafisha majitaka, kubadili namna ya kumwagilia, kusitisha umwagiliaji siku kadhaa kabla ya kuvuna, kuosha na kupika. Mabwawa ya kutibu majitaka, kama ya Vingunguti Dar es Salaam na ya Dandora Nairobi, hutumia nguvu ambayo hatuinunui: jua, mwani na muda. Yakipewa nafasi ya kutosha na kutolewa tope kwa wakati, bakteria hufa wenyewe humo. Yakizidiwa au kusahauliwa, hupitisha mzigo mtoni kama ulivyoingia. Kisha mama anayelima mchicha kandokando ya Msimbazi hufukuzwa kwa kuwa mboga zake ni hatari. Ni kweli zinaweza kuwa hatari. Lakini yeye ni wa mwisho katika mnyororo mrefu, na ndiye pekee ndani yake asiye na ofisi. Tukimfukuza yeye na kuacha mto kama ulivyo, tumerudia ushauri wa Simpson kwa Kiswahili.

Kulirudia jalada

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Wakuu wa Hamburg walificha kwa ajili ya bandari, na vilio vikawafichua. Mtumishi wangu muungwana alificha kwa ajili ya utulivu. Hofu aliyoihofia ni ya kweli, lakini historia niliyoisimulia haionyeshi kwamba watu hudhurika kwa kujua. Waliosoma vijitabu vya Mtu ni Afya mwaka 1973 waliambiwa mambo ya kutisha juu ya kuhara na safura, na badala ya kukimbia wakachukua majembe.

Jibu la pili, kwamba watu hawana maji mengine, ni gumu zaidi, nami sitalipuuza. Hata hivyo aliyejua anaweza kuchemsha, kutia dawa ya klorini, kuhamisha choo, kuchota kwingine angalau maji ya mtoto mchanga. Zaidi ya yote, anaweza kwenda kwa diwani wake na karatasi mkononi. Bila karatasi ile yeye ni mlalamikaji. Akiwa nayo ni mdai. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Haki isiyoweza kupimwa na mwenye haki hubaki hotuba.

Kwa hiyo maombi yangu ni madogo. Kila kisima cha umma kinachopimwa, matokeo yabandikwe kisimani, kwa Kiswahili, yakiwa na tarehe na maelezo ya nini kifanyike. Wanafunzi wa mikrobiolojia wanaopima mito yetu kwa ajili ya tasnifu warudishe majibu mitaani walikochota sampuli, wasiyaache maktabani. Wanaharakati wajifunze kuisoma namba hiyo na mipaka yake, ili asitokee mtu wa kuwatisha kwayo wala wa kuwalaza usingizi kwayo. Na watumishi wa umma wajue kwamba kutoa matokeo mabaya si kukiri kosa lao binafsi; mara nyingi ni njia ya pekee ya kupata fungu walilolinyimwa.

Sijarudi katika ofisi ile. Nilipita mtaani mwaka jana nikaona visima viwili kati ya vile bado vinatumika, ndoo zimepangwa foleni tangu alfajiri. Nadhani jalada nalo liko palepale, limefungwa kwa kamba yake. Wanaokunywa maji yale ndio wenye jalada lile, na bado hawajaulizwa kama wanataka kulisoma.